Kigeugeu sio msaliti, jamani

Wiki hii tena nimeletewa mswada, mwandishi kaandika "kigeugeu huyo alikuwa akiwauza wenzake kwa siri miaka yote". Kazi yangu ni kuhariri Kiswahili na hili kosa nishalichoka. Mtu anayeuza wenzake kwa siri miaka yote ana msimamo, tena mgumu, ila kauficha. Huyo mwite msaliti.

Angalia neno lenyewe. Limetoka kwenye kugeuka, afu hiyo geu imerudiwa, na Kiswahili kikirudia hivyo mara nyingi kinasema jambo linatokea tena na tena, kama tangatanga au yumbayumba. Kwa hiyo aliyegeuka mara moja kageuka tu, basi. Kigeugeu asubuhi anakwambia "niko na wewe" na anamaanisha, mchana akikaa na mpinzani wako anamwambia hayohayo na anamaanisha pia, jioni ukimbana hana jibu maana hata yeye hajui yuko wapi. Ana sura moja kwa wakati mmoja. Ndumilakuwili anazo zote mbili kwa pamoja, ndo maana kapewa jina la nyoka anayesemekana ana vichwa viwili, anauma huku na huku. Mnafiki naye anajua kabisa kilichomo moyoni mwake, anasema kingine. Kigeugeu moyo wenyewe ndo haujatulia!

Halafu kuna bendera fuata upepo, huyu ndo wanafanana zaidi, ila bendera inahitaji upepo, yaani anaenda anakoona nguvu iko au wengi wako. Kigeugeu anageuka hata pakiwa shwari.

Kuandika ni neno moja, sio "kigeu geu". Upatanisho ni kigeugeu yule, vigeugeu wale, kama kiongozi yule, viongozi wale, ukiandika "kigeugeu kile" msomaji anasikia dharau, so hakikisha ndo unachotaka.

Ninapokwama ni hapa: mtu kabadili msimamo mara tatu, na kila mara kulikuwa na ushahidi mpya mezani. Kwa kuhesabu migeuko tu anaingia kwenye neno, lakini mkono wangu unagoma. Mwezi jana nililifuta kwenye sentensi ya namna hiyo nikaweka "alibadili mawazo", mwandishi akalirudisha, nikalifuta tena, akalirudisha, likachapwa hivyo, na mpaka leo sina uhakika kama nilikuwa na haki ya kuligusa.