Kabla hujawapigia makofi: namna ya kusoma orodha ya mafanikio ya wahadhiri

Msimu wake ukifika, kila chuo hutundika mtandaoni orodha ya mafanikio ya wahadhiri wake. Idara hii makala kadhaa, ile kitabu, wahandisi wamepata hataza, mwingine kaletea chuo ruzuku nono. Mimi ni mkutubi wa utafiti. Machapisho hayo hupita mezani kwangu kuhakikiwa kabla hayajafika kwenye kamati ya kupandisha watu vyeo, na wanaonijua wamechoka kunisikia nikisema: usipime idara kwa idara kwa kuhesabu mistari.

Chukua majina ya waandishi tu. Kwenye tiba, jina la kwanza kwa kawaida ni la aliyeifanya kazi yenyewe, na la mwisho ni la kiongozi wa maabara au mradi. Wale wa katikati wamechangia, huyu sana, yule kidogo, na makala haikwambii. Ukienda kwenye hisabati au uchumi, mara nyingi majina yamepangwa kialfabeti, kwa hiyo mwenye ukoo unaoanzia Z atakaa mwisho hata kama wazo lilikuwa lake. Fizikia ya chembe ndogo nayo iliwahi kuvunja rekodi. Mwaka 2015 makundi mawili ya watafiti wa CERN, maabara kubwa ya fizikia huko Ulaya, yaani ATLAS na CMS, yalichapisha kwa pamoja makala kuhusu kipimo cha masi ya chembe ya Higgs. Ina kurasa 33. Utafiti wenyewe, pamoja na marejeo, umekwisha ukurasa wa 9. Kurasa 24 zilizobaki ni majina ya waandishi na taasisi zao, watu 5,154. Mhadhiri wako akiwa mmoja wao, ataandikiwa makala moja, na anayo haki. Lakini jirani yake wa Historia, aliyepoteza macho miaka na miaka akisoma majalada ya kikoloni kwenye makavazi, naye ataandikiwa moja.

Kwa wanahistoria, wanasheria na watu wa fasihi, kitabu ndicho mfalme. Mfano ninaoupenda ni wasifu wa Mwalimu Nyerere uliotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2020, juzuu tatu. La kwanza liliandikwa na Saida Yahya-Othman, mtu wa isimu. La pili na Ng'wanza Kamata wa sayansi ya siasa. La tatu na Issa Shivji wa sheria. Wote watatu wamefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, idara tatu tofauti. Watu wanataka utafiti unaovuka mipaka ya idara, basi ndio huo. Sasa nenda kautafute kwenye vipimo vya kimataifa, ambavyo hulishwa zaidi na makala za majarida. Utauona kwa tabu.

Kipimo kinachotajwa kuliko vyote, h-index, kilibuniwa na Jorge Hirsch mwaka 2005. Ukiambiwa mhadhiri ana 10, maana yake ana makala 10 ambazo kila moja imerejelewa kwenye machapisho mengine si chini ya mara 10. Hirsch ni mwanafizikia, na wanafizikia huandika makala nyingi na kurejeleana sana. Anayeandika kuhusu sheria ya ardhi Tanzania husomwa na wakili, hakimu na ofisa wa halmashauri, nao hawaandiki majarida. Kuna wengine ambao kipimo hakiwagusi kabisa: Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 inabeba jina la taasisi, TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), si la mtu. Sijui mwalimu gani wa Kiswahili angeweza kufundisha bila hiyo, lakini kwenye hesabu ya Hirsch walioitunga hawakupata hata nukta.

Majarida ya kitapeli nayapita haraka, maana yanajitambulisha yenyewe. Jarida likikukubalia makala ndani ya siku mbili bila swali hata moja, kisha likatuma namba ya akaunti, hakuna mtaalamu aliyeisoma.

Kinachonitia shaka zaidi ni kazi ambayo mstari mmoja hauwezi kuibeba. Mwaka 1996 kwenye korongo la Kihansi, safu ya milima ya Udzungwa, Tanzania, alionekana chura mdogo wa manjano anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu. Wanasayansi wanne walimpa jina la kisayansi, Nectophrynoides asperginis, mmoja wao Kim Howell wa zuolojia pale Dar es Salaam. Huo ni mstari wa makala moja. Lakini maji ya Kihansi yakageuziwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakapungua, ikabidi mwaka 2000 vyura wapatao 500 wapelekwe kutunzwa Marekani. Mwaka 2009 wakatangazwa kutoweka porini. Mwaka uliofuata, 100 walirudi kwa ndege kutoka bustani za wanyama za Bronx na Toledo huko Marekani, wakawekwa kwenye kituo chao hapo chuoni, na baadaye kazi ya kuwarudisha korongoni ikaanza.

Fikiria shughuli ya kituo cha namna hiyo: kuzalisha wadudu wa kuwalisha, kuchunga unyevu na joto saa zote, kuzuia kuvu inayoua vyura isipenye na viatu vya mgeni. Mafundi sanifu wamo, na majina yao mara nyingi hayafiki hata kwenye shukrani za makala. Fomu ya mafanikio ina safu ya makala, kitabu, hataza na ruzuku. Kwa kazi ya aina hii nawashauri wakuu wa idara waambatishe ukurasa mmoja wa maelezo: nani alifanya nini, kwa muda gani, na nani sasa anaitumia. Kamati makini huanza na ukurasa huo, namba baadaye.