Tabaka moja ni sumaku, mawili si sumaku

Paka penseli kwenye karatasi mpaka pawe peusi, bandika selotepu juu yake, kisha ibandue. Weusi uliong'ang'ania kwenye gundi ni kinywe, madini yaleyale yanayopatikana Mahenge, mkoani Morogoro. Kinywe ni kaboni iliyojipanga kama chapati kwenye hotipoti: kila chapati ni imara peke yake, ila moja na nyingine zimeegemeana tu, huchomoka bila taabu. Ndiyo maana penseli huandika. Katika milimita moja ya kinywe mna matabaka kama milioni 3.

Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walibandua na kubandua kwa selotepu mpaka wakabaki na tabaka moja, unene wa atomi moja. Likaitwa grafini, na mwaka 2010 likawapa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Umeme hupita humo kwa wepesi wa ajabu, ila mkondo huo hauzimiki, na transista (swichi ndogo ya umeme) isiyozimika haina kazi kwenye kompyuta. Kwa hilo watafiti wakageukia molibdenamu disalfaidi, kiwanja cha molibdenamu na salfa kilichojipanga kwa matabaka vilevile, ambacho mafundi magari wanakijua ndani ya grisi nyeusi. Bonge lake likimulikwa leza karibu halitoi mwanga. Tabaka moja hung'aa rangi nyekundu.

Lakini kinachonivutia mimi zaidi ni sumaku. Ndani ya sumaku, atomi nyingi, kila moja kama sumaku ndogo, huelekea upande mmoja. Joto huzitikisa na kuzivuruga. Mwaka 1966 wanafizikia Mermin na Wagner walionyesha kwa hesabu kwamba kwenye utando mwembamba namna hii, kama atomi ziko huru kuelekea popote, joto lolote lile, hata dogo vipi, linatosha kuuvunja mpangilio. Wengi wakaona basi, sumaku ya tabaka moja haiwezekani.

Neno la kuangalia hapo ni "huru". Katika kromiamu traiodaidi, kiwanja cha kromiamu na iodini, atomi haziko huru: hupenda kusimama wima, ama zielekee juu ama chini. Mwaka 2017 timu za Xiaodong Xu wa Chuo Kikuu cha Washington na Pablo Jarillo-Herrero wa MIT, Marekani, zilibandua tabaka moja la kitu hicho. Hewa yenye unyevu hukiharibu upesi, kwa hiyo kazi ilifanyika kwa glavu ndani ya sanduku lililozibwa. Sumaku ya utando kama huo haipimwi kwa dira; humulikwa leza, ukaangaliwa mwelekeo wa mtikisiko wa mwanga unaorudi umezunguka kiasi gani. Ulizunguka. Chini ya nyuzi 228 hasi za Selisiasi, tabaka moja ni sumaku kamili.

Wakaweka mawili: sumaku ikapotea. Matatu: ikarudi. Kila tabaka hugeukia upande ulio kinyume na wa jirani yake, basi mawili hufutana, na kwenye matatu hubaki moja lisilo na wa kulifuta.

Mwaka uliofuata ikaonekana kwamba hayo mawili, yakiwa ndani ya uga wa sumaku usiobadilishwa, yanaweza kugeuzwa yakaelekea upande mmoja kwa volti. Diski za kompyuta huandika kumbukumbu kwa kugeuza sumaku ndogondogo, na kuzigeuza kunahitaji mkondo wa umeme unaopasha joto. Volti hugharimu kidogo sana. Kinachokwamisha ni zile nyuzi 228 hasi.