Je, wajua kanisa la Taüll lilichunwaje michoro yake?

Sant Climent ni kanisa la kijiji cha Taüll, milimani Catalonia, Hispania. Liliwekwa wakfu tarehe 10 Desemba 1123. Tarehe hiyo iliandikwa kwa rangi kwenye nguzo ya ndani. Ni jengo la Kiromaneski, mtindo wa ujenzi wa Ulaya ya zama hizo, lisilo na makuu: nguzo nene za mviringo, paa la mbao, mnara mwembamba wa kengele wa ghorofa sita. Utajiri wake ulikuwa nyuma ya altare, kwenye ukuta uliopinda nusu duara. Hapo alichorwa Kristo ameketi, mkononi kitabu chenye maneno ya Kilatini, "Mimi ni nuru ya ulimwengu". Mchoro huo sasa uko kwenye makumbusho jijini Barcelona, mji mkuu wa Catalonia, ilhali ukuta haujasogea.

Mwaka 1919 ilijulikana kwamba michoro ya kanisa jingine la eneo hilo, Mur, imeuzwa. Leo iko Boston, Marekani. Barcelona ikaona heri iwahi kuichukua michoro iliyosalia kabla nayo haijauzwa. Ikaleta mafundi wa Kiitaliano, na hadi 1923 makanisa kadhaa yalikuwa yameshachunwa.

Kuchunwa ndilo neno lenyewe. Fundi hubandika kitambaa cha pamba juu ya mchoro kwa gundi ya moto, ile inayochemshwa kutokana na ngozi na mifupa. Gundi ikikauka husinyaa, na kusinyaa huko huivuta rangi kwa nguvu kuliko lipu inavyoishikilia. Kitambaa kikibanduliwa polepole kuanzia pembeni, rangi huja nacho, nyembamba kama ganda la kitunguu. Ukuta ukiwa na unyevu gundi haikauki sawasawa, na rangi hubaki mabaka mabaka.

Vitambaa vilikunjwa kama mikeka, vikashushwa mlimani kwa nyumbu wa mizigo. Kwenye karakana mgongo wa rangi ulisuguliwa, ukabandikwa kitambaa kipya kwa gundi ya protini ya maziwa na chokaa. Ujanja uko hapo: gundi hiyo ikishashika haiyeyuki kwa maji ya moto, ile ya mifupa huyeyuka. Kwa hiyo kitambaa cha mbele kilitoka, rangi ikabaki. Na kwa kuwa ukuta ulikuwa umepinda, ilibidi makumbusho yaunde fremu ya mbao yenye umbo lilelile.

Rangi haikutoka yote. Tangu 2013 taa za projekta huangaza mchoro kamili juu ya ukuta wa Taüll, na zikizimwa yanaonekana mabaki yaliyogoma kung'oka.