Antijeni haijapotea, imeng'ang'ania alumini

Jamani, hii ya "imetoka asilimia 60 tu kwahiyo chanjo imepungukiwa antijeni" naomba tuiache. Antijeni ni ile sehemu ya chanjo inayoufundisha mwili kinga; kwenye baadhi ya chanjo imeshikizwa kwenye jeli ya alumini, na maabara huibandua kwanza ndipo waipime. Nimeisikia tena juzi, tena kwa watu wa maabara kabisa, na inaniuma maana bechi nzima inaweza kukataliwa wakati chanjo yenyewe haina shida.

Hiyo 60 ni ile iliyokubali kutoka. Iliyobaki iko palepale kwenye jeli. Hidroksidi ya alumini kwenye pH 7 ina chaji chanya, fosfati ya alumini hasi, kwahiyo toksoidi ya pepopunda (sumu yake iliyozimwa) yenye chaji hasi inajishika kwenye hidroksidi, na kushikana kwa chaji tu ukiongeza chumvi kunalegea, hapo sina maneno. Shida ni antijeni ya homa ya ini B. Ile ina fosfolipidi (mafuta yenye fosfati), na fosfati zake zinafukuza hidroksili (vikundi vya OH) kwenye uso wa alumini zinakaa mahali pake, sasa hicho ni kifungo cha kemikali, mwaga chumvi gunia zima haitoki. Unahitaji bafa ya fosfati (mmumunyo unaotuliza pH) igombanie nafasi ile, na deterjenti kidogo, au sitrati iyeyushe jeli yenyewe. Tena chanjo iliyokaa miezi kwenye friji mara nyingi imeshika zaidi ya iliyotoka kiwandani juzi, namba inashuka na antijeni iko vilevile. (Iliyoganda siizungumzii, hiyo ni ya kutupa.)

Basi mtu akisikia hivyo anakimbilia SDS (deterjenti kali) na kuchemsha. Itatoka, ndio, lakini imefumuka! Kingamwili ya ELISA (kipimo kinachokamata antijeni kwa kingamwili) inatambua umbo, umbo likiharibika haioni kitu, unasoma namba ndogo kuliko ya mwanzo. Jumla ya protini pima hivyo, ubora hapana.

Linaloninyima raha ni hili: ile isiyotoka imeng'ang'ania tu, au imeharibikia hukohuko juu ya jeli? Kuitoa peke yake hakukujibu. Ndio maana napenda kupima ELISA ikiwa bado juu ya alumini, ingawa nako chembe zinatuama kwenye vishimo vya pleti, usipotikisa vizuri namba zinaruka, na sehemu iliyogeukia alumini kingamwili haiifikii.

Kwahiyo weka kontroli, yaani sampuli ya kulinganishia: antijeni ya kiasi unachokijua, jeli ileile, bafa ileile, na uiandae siku bechi inapotoka ili zizeeke pamoja, sio siku ya kupima. Kontroli ikitoa 60 na chanjo ikitoa 60, unaikataa kwa lipi?