Kompyuta inaganda: itazame kabla hujaifungua

Kompyuta nyingi ninazoletewa hapa Moshi kwa ugonjwa wa kuganda zinanifikia zikiwa zimeshapigwa Windows upya. Mwenyewe ameshalipa, picha na mafaili mengine yameshapotea, na mashine inastaki vilevile. Hili linaniuma, kwa sababu kuitazama vizuri kwa dakika chache kungeonyesha kuwa Windows haina kosa. Kuganda si kwa namna moja, na namna inavyoganda ndiyo inayokuambia uanzie wapi.

Ikiganda, usikimbilie swichi. Bonyeza Caps Lock, utazame kitaa chake kwenye kibodi. Kama kinawaka na kuzima kila ukibonyeza, mfumo bado uko hai. Kuna kitu kimoja kimekwama na wengine wote wanakisubiri. Kitu hicho mara nyingi ni diski. Utaona hata mshale wa mausi unatembea, lakini ukibofya chochote hakifunguki, halafu baada ya muda vyote ulivyobofya vinafunguka kwa mpigo. Kitaa kikigoma kabisa, mshale umesimama, na wimbo uliokuwa unapiga umebaki mlio mmoja usiokatika, hapo mashine nzima imekufa ghafla. Sasa washukiwa ni umeme, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), bao (ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote), prosesa au kadi ya picha.

Kabla ya kununua kifaa chochote, fanya jaribio hili. Zima, chomoa waya wa umeme, kisha chomoa waya wa diski. Washa kwa flashi yenye Linux, mfumo mwingine mbali na Windows, ile inayofanya kazi bila kusakinishwa, uiache icheze video saa moja au mbili. Ikitulia, kosa liko kwenye diski, waya wake, au Windows yenyewe. Ikiganda hata bila diski, mtu akikuambia upige Windows, mkatalie.

Tuanze na diski, maana ndiyo inayobeba vitu visivyorudi. Diski ya kuzunguka ikikuta sehemu mbovu hairipoti mara moja. Inarudia kuisoma tena na tena, na Windows inakaa inasubiri. Huko ndiko kuganda kunakotoka. Nakili mafaili yako kwanza, kabla ya kipimo chochote, kwa sababu kupima diski inayokufa kunaweza kuimalizia. Kisha fungua CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski, utazame namba 05, C5 na C6. 05 ni sehemu zilizoharibika zikabadilishwa na za akiba. C5 ni zile zinazotiliwa shaka. C6 ni zile zilizoshindikana. Programu hii huonyesha thamani zake kwa namba za kompyuta zenye herufi, zinazohesabu kwa kumi na sita badala ya kumi, kwa hiyo ukiona 10 ujue ni kumi na sita. C5 ikiwa inaongezeka wiki hadi wiki, nunua diski nyingine. Usisubiri.

C7 ni habari tofauti. Inahesabu data iliyoharibika njiani kati ya diski na bao, na mara nyingi mkosaji ni waya wa SATA, ule unaopitisha data ya diski, uliolegea au kuchakaa. Badilisha waya, andika namba uliyoikuta, rudi baada ya siku kadhaa. Haitashuka, lakini isipopanda umemaliza kazi kwa bei ya waya. Ndani ya Windows, Event Viewer, yaani daftari lake la matukio, nayo inasaidia: matukio namba 7, 129 na 153 yakijirudia saa zilezile za kuganda, fuata njia ya diski. Namba 41 ya Kernel-Power haikuambii kitu. Maana yake ni kwamba mashine iliwaka tena bila kuzimwa kwa utaratibu, na wewe uliyeshikilia kitufe mpaka ikazima unalijua hilo tayari. Nimeona watu wakinunua pawa saplai, lile boksi linaloipa kompyuta umeme, kwa sababu ya namba hiyo tu.

Umeme ndio unaohitaji subira. Kuna mama mmoja mwalimu, mkazi wa Kiborloni, kompyuta yake ilikuwa inaganda jioni tu. Kwangu mchana ilifanya kazi bila shida. Nikamwambia, "Shikamoo mama, naomba nije nyumbani saa moja usiku." Akaniambia, "Marahaba mwanangu, njoo, utaiona mwenyewe." Wakati ule majirani wote wanapika, wanapiga pasi, taa zimewaka, na mita kwenye soketi ilisoma volti mia na tisini na kitu badala ya 230. Wengi wangeishia hapo na kumuuzia stabilaiza. Lakini pawa saplai nzima ya kompyuta imeundwa kuvumilia hadi volti 180 hivi. Umeme ulikuwa mdogo, ndiyo, ila kilichougua ni pawa saplai: kapasita zake, vile vipande vinavyotunza umeme kidogo, zilikuwa zimechoka, hazina tena akiba ya kuvuka upungufu. Tulipofunga nyingine, jioni zikapita salama.

Ukitaka kupima, pima mashine ikiwa inafanya kazi nzito, si ikiwa imekaa bure. Waya wa njano wa pawa saplai dhidi ya mweusi uwe kati ya volti 11.4 na 12.6; mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Ukiwa nje ya hapo, hukumu imepita. Ukiwa ndani, bado hujaiondolea shaka pawa saplai, kwa kuwa mita ya kawaida haioni mtikisiko wa haraka wa umeme mbovu. Njia ya uhakika ni kuazima pawa saplai nzima na kujaribu nayo. Kwa hizi kompyuta zilizotumika ofisini Ulaya, hasa Dell na HP, angalia plagi kwanza. Nyingi hazitumii ile ya kawaida ya pini 24. Na tafadhali usifungue boksi la pawa saplai. Ndani mna kapasita inayobeba zaidi ya volti 300, na inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa.

RAM ina kipimo chake, MemTest86+, kwenye flashi. Iache usiku kucha. Kosa moja tu linatosha. Likitokea, toa RAM zote, sugua meno yake ya dhahabu kwa raba ya penseli, futa kwa spiriti, kisha pima moja moja kwenye nafasi ileile. Kosa likimfuata mmoja, huyo ndiye. Likibaki kwenye nafasi hata ukibadilisha RAM, shida iko kwenye bao.

Joto husingiziwa sana. Prosesa za sasa zikikaribia nyuzi 100 hupunguza kasi, na zikizidiwa huzima mashine. Kuganda tu si tabia yake kubwa. Hata hivyo vumbi letu la kiangazi linaziba kipozeo kama blanketi, kwa hiyo lipulize kwa blowa huku umeshikilia feni isizunguke. Tazama pia kama kuna mjusi kavu juu ya bao. Wapo.

Yakishindikana yote, toa kadi ya picha kama ipo na utumie plagi ya picha ya bao. Bado inaganda? Kagua kapasita za bao: zilizovimba kichwani au kutoa uchafu wa kahawia zinajionyesha. Kubadilisha kapasita kunawezekana kwa fundi mwenye mkono mzuri wa kulehemu. Bao ambalo halionyeshi kitu na bado linaganda, mimi huwashauri watu wasilihangaikie: wachukue RAM na diski iliyo nzima, waweke kwenye mashine nyingine iliyotumika ya aina ileile.