Nani aligundua Kisiwa cha Pasaka?

Wengi tulifundishwa kwamba Kisiwa cha Pasaka, mashariki kabisa mwa Polynesia, eneo la visiwa vya Bahari ya Pasifiki, kiligunduliwa na mabaharia wa Uholanzi mwaka 1722. Tarehe haina kasoro. Meli zao zilikifikia Aprili 5, Jumapili ya Pasaka, ndiyo asili ya jina. Ukitafuta kalenda ya mwaka ule utaiona siku hiyo.

Shida iko kwenye neno "kugundua". Waholanzi walikuta moshi ukipanda, migomba, viazi vitamu, kuku, na moai, zile sanamu kubwa za mawe, zimesimama pwani. Wapolinesia walikuwa wamefika kwa mitumbwi yao karne kadhaa kabla, katika kisiwa ambacho hata leo jirani yake wa karibu mwenye watu, Pitcairn, yuko takriban kilomita 2,000. Safari ya namna hiyo inastahili heshima yake, kwa hiyo mimi ningeandika kwamba Waholanzi "walifika".

Ushahidi mwingine umo kwenye kamusi, na yeyote anaweza kuufungua. Tano kwa lugha ya kisiwani ni rima. Kwa Kimaori, lugha ya wenyeji wa New Zealand, rima. Kwa Kihawaii lima. Hata Madagaska, jirani zetu, husema dimy, maana lugha hizo ni za ukoo mmoja.

Wenyeji leo hukiita Rapa Nui, yaani Rapa Kubwa. Wengi hulidhani jina la kale, lakini lilienea karne ya 19, kukitofautisha na Rapa nyingine iliyo mbali magharibi.