Miaka yako kazini inahesabiwa tangu siku gani?

Mzee mmoja anayepakia magunia katika bohari moja huko Changamwe alinijia na barua ya kupunguzwa kazi. Amefanya kazi pale miaka 7 na miezi 8. Barua inamhesabia miaka 2 tu, tangu alipotia sahihi kandarasi. Kabla ya hapo, aliambiwa, "ulikuwa kibarua."

Neno hilo limewapunja watu wengi hapa Mombasa, na ndilo ninalopambana nalo zaidi katika kazi yangu ya uwakili.

Tazama kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Kibarua akishafanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake inafika mwezi mmoja, sheria inamchukulia kuwa mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi. Vivyo hivyo ikiwa kazi yenyewe ni ya kuchukua miezi 3 au zaidi. Wengi wanadhani kupumzika Jumapili kunakata mfululizo. Hakukati! Ukishafanya kazi siku 6, siku moja ya mapumziko ni haki yako na inahesabiwa. Sikukuu ya serikali ikiangukia katikati, Idi kwa mfano, nayo inahesabiwa.

Sasa pesa. Kifungu cha 40 kinamdai mwajiri anayepunguza watu alipe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia, mbali na notisi ya mwezi mmoja na likizo ambayo hujaenda. Tuseme mzee analipwa shilingi 1,000 kwa siku. Kwa miaka 2 atapata 30,000. Kwa 7, ni 105,000. Ile miezi 8 haimo, kwani haijatimiza mwaka. Na usikubali kuambiwa kwamba michango ya NSSF imeyafuta malipo haya. NSSF inahusu malipo mengine ya utumishi, si haya ya kupunguzwa kazi.

Mwajiri anatakiwa kukuandikia tarehe ambayo ajira yako mfululizo ilianza. Asipotoa maandishi hayo kesini, ni juu yake kukanusha unayodai. Hata hivyo, usiende mikono mitupu, wala usingoje: madai kama haya yana muda wa miaka 3.

Mzee hakuwa na karatasi yoyote ya miaka ile. Tulichapisha taarifa yake ya M-Pesa, tukapiga mstari chini ya kila malipo ya Jumamosi kutoka kwa msimamizi wake, tukarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa hadi wiki yake ya kwanza.